Chai ya oolong: jani linalojeruhiwa makusudi

Wafanyabiashara wetu wanaokwenda Guangzhou kufuata nguo, taa na vipuri wanaijua meza ile. Sinia la mbao lenye matundu ya kupitishia maji, birika la umeme lisilopoa kutwa nzima, na vikombe vidogo ambavyo kimoja hakizidi mafunda mawili. Bei haizungumzwi kabla ya kikombe cha kwanza. Mara yangu ya kwanza kuketi pale, mwenye duka alitia ndani ya kibakuli chenye mfuniko vidonge vya kijani, vigumu kama kunde, akavimwagia maji yanayotokota. Haukupita muda kila kidonge kikajikunjua, kikawa jani zima na kikonyo chake. Harufu iliyotoka ilinirudisha nyumbani, chini ya mlangilangi wakati wa usiku. Maji yake yalikuwa ya njano hafifu, mepesi mdomoni.

Baadaye alifika mgeni mwingine, na chai ikabadilishwa. Hii ya pili ilikuwa nyuzi nyeusi zilizosokotwa. Kikombe kikawa na rangi ya kahawia iliyokolea, harufu ya makaa, ya mdalasini, na ya jiwe lililonyeshewa mvua baada ya jua kali. Nikauliza jina lake. Oolong. Na ile ya kwanza? Oolong pia. Nilidhani simu iliyokuwa ikitutafsiria imekosea.

Haikukosea. Ndivyo wengi wanavyochanganyikiwa: mtu ananunua pakiti iliyoandikwa oolong, anaipenda, ananunua nyingine yenye neno hilohilo na kukuta kitu kingine kabisa. Anadhani ametapeliwa. Pengine ametapeliwa kweli, lakini mara nyingi tatizo ni kwamba neno oolong halitaji ladha wala shamba. Linataja kazi iliyofanywa juu ya jani, na kazi hiyo inaweza kuishia popote katika njia ndefu.

Chai zote za kweli, ya kijani, ya rangi, nyeupe na hii, hutoka kwenye mmea mmoja, Camellia sinensis, uleule unaopandwa Kericho, Mufindi na Rungwe. Kinachozitenganisha ni yale yanayofanyika baada ya jani kuchumwa. Kata bilinganya uliache kwenye sahani. Utarudi ukute limegeuka rangi. Ndani ya jani la chai mna vimeng'enya vinavyofanya vivyo hivyo pale chembe za jani zinapopasuka na kukutana na hewa. Viwandani badiliko hili huitwa uchachushaji, ingawa hakuna hamira wala chachu yoyote ndani yake; ni jani na hewa tu. Mtengenezaji wa chai ya kijani hulitia jani kwenye joto mapema ili badiliko lisianze. Mtengenezaji wa chai yetu ya rangi huliacha liende hadi mwisho, na viwanda vyetu vingi huharakisha safari hiyo kwa kulipitisha jani kati ya roli za chuma zenye meno zinazolikata na kulirarua. Wachina, kwa taarifa, hiyo ya rangi huiita chai nyekundu kwa kuyatazama maji yake, na jina la chai nyeusi wameiwekea chai nyingine inayovundikwa. Hapo watafsiri wengi wamepotea.

Oolong imekaa katikati. Jani linaachwa libadilike kiasi, kuanzia karibu asilimia 10 hadi 80 hivi, kisha linasimamishwa. Ile ya vidonge vya kijani ilisimamishwa mapema; ile ya nyuzi nyeusi iliachwa iende mbali zaidi, halafu ikachomwa kwa makaa. Jina lenyewe, wulong, maana yake ni joka jeusi, na visa vinavyodai kueleza asili yake ni vingi mno kutusaidia hapa.

Kazi yenyewe inastahili kutazamwa kwa karibu, maana bila kuielewa majina yote yanayofuata ni kelele tu. Kwanza, hachumwi mtoto wa jani. Sisi tumezoea majani mawili na kichipukizi. Kwenye oolong wanasubiri kichipukizi kifunguke, wakachuma shina lenye majani matatu au manne yaliyokomaa. Jani changa lingechakaa kwa mateso linayokwenda kupewa. Majani huanikwa juani kwa muda mfupi hadi yalegee, kisha hupelekwa ndani kwenye kivuli. Hapo zinaletwa nyungo. Ndiyo, nyungo za mianzi, za duara, pana kuliko zetu, na mtu husimama akiyarusha majani kwa mzunguko mfano wa mama anayepepeta mchele. Majani yanagongana, yanasuguana, kingo zake zinachubuka. Kisha yanaachwa yapumzike saa moja au zaidi. Yanarushwa tena. Yanapumzika tena. Siku hizi mapipa ya mianzi yanayozungushwa kwa umeme hufanya sehemu kubwa ya kazi, lakini mpangilio ni uleule: jeraha dogo, pumziko, jeraha dogo, usiku kucha. Msimu ukiwadia, watu wa kazi hii hawalali.

Mahali palipochubuka ni ukingoni, kwa hiyo ukingo ndio unaokuwa mwekundu huku katikati ya jani pakibaki kijani. Wachina wana msemo wake: jani la kijani lililotarizwa nyekundu. Na humo ndimo harufu inamozaliwa. Jani lililochumwa bado lina uhai, na linapoumizwa hujibu kwa kutoa kemikali zenye manukato, nyingine zikiwa zilezile zinazopatikana kwenye asumini na maua mengine. Hakuna aliyetia ua ndani ya ile chai iliyonikumbusha mlangilangi. Jani lilijitengenezea lenyewe kwa kuumia. Mtengenezaji hukaa akinusa: harufu ya majani mabichi inaondoka, inakuja ya maua, na ikiachwa zaidi inageuka kuwa ya matunda. Akiona imefika anapopataka, huyatia majani kwenye sufuria pana au pipa lenye joto la nyuzi zaidi ya 200, na vimeng'enya vinakufa hapohapo. Akichelewa, harufu imepita. Akiwahi, chai itabaki na ukakasi wa jani bichi.

Baada ya hapo jani huviringwa, ama kusokotwa kuwa uzi ama kufungwa ndani ya kitambaa na kubanwa mara nyingi hadi liwe kidonge. Likisha kukauka, linaweza kurudishwa kwenye moto wa makaa kwa saa nyingi. Kwa hiyo ladha ya oolong yoyote ina mikono minne ndani yake: aina ya kichaka, ardhi, kiasi cha jeraha, na kiasi cha moto. Twende sasa mahali zinapotoka.

Kaskazini ya jimbo la Fujian, kusini-mashariki ya China, kuna milima ya Wuyi, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1999. Ni magenge ya mawe mekundu yaliyopasuliwa na makorongo membamba, na chai hupandwa humo korongoni, kwenye vipande vidogo vya udongo vilivyozuiwa kwa kuta za mawe. Jua huingia saa chache tu, maji yanachuruzika kwenye miamba, ukungu haukauki. Chai ya huku huitwa yancha, chai ya mwambani. Ndiyo ile ya nyuzi nyeusi. Wanywaji wake husaka kitu wanachokiita yan yun, ambacho ningekitafsiri kuwa mwangwi wa mwamba: baada ya kumeza, ladha ya mawe na madini inabaki kooni, kisha utamu unarudi polepole. Mtu asiyeizoea huonja makaa tu mara ya kwanza. Apewe muda.

Jina kubwa la Wuyi ni Da Hong Pao, joho kubwa jekundu. Hadithi yake husimuliwa kwa namna nyingi, na kiini chake ni msomi aliyeugua njiani akienda kwenye mtihani wa kifalme, akaponywa kwa chai ya pale, akafaulu, akarudi kuvisha vichaka joho lake la heshima. Vichaka sita vya asili bado vimesimama kwenye ukuta wa jabali mahali paitwapo Jiulongke. Tangu mwaka 2006 vimekatazwa kuchumwa, na gramu 20 za chai ya mwisho zikahifadhiwa kwenye Makumbusho ya Taifa huko Beijing. Basi muuzaji akikuambia pakiti yake imetoka kwenye miti mama, jua anachokuuzia. Da Hong Pao ya dukani kwa kawaida ni mchanganyiko wa chai kadhaa za Wuyi, na mara chache hutoka kwenye vichaka vilivyozalishwa kwa vipandikizi vya ile miti ya asili. Mchanganyiko si udanganyifu. Kuchanganya vizuri ni ufundi, na Da Hong Pao iliyopangwa vyema ndiyo mlango rahisi wa kuingilia Wuyi: karanga zilizokaangwa, sukari iliyoungua kidogo, tunda lililokaushwa.

Wenyeji wenyewe hubishana zaidi juu ya mbili nyingine, Rougui na Shuixian, na kuna msemo kwamba kwa ulaini hakuna ipitayo Shuixian, kwa harufu hakuna ipitayo Rougui. Rougui maana yake ni mdalasini, na jina limestahili. Ni chai kali, inauma ulimi kidogo kisha inapasuka viungo. Shuixian ni pole, nzito, na ile ya vichaka vizee ina ladha ya mti na kuvu la mawe ambayo mimi huipenda kuliko zote. Wafanyabiashara wa Rougui wana lugha yao. Ile inayotoka kwenye korongo la Niulankeng, maana yake korongo la zizi la ng'ombe, huitwa kwa kifupi "niu rou", yaani nyama ya ng'ombe. Ile ya kwenye jabali la kichwa cha farasi, Matouyan, huitwa "ma rou", nyama ya farasi. Usishangae ukisikia watu wazima wakiulizana bei ya nyama mbele ya kikombe cha chai. Bei za hizo ni kubwa kupita kiasi, na kwa mnywaji wa kawaida tofauti haistahili fedha hiyo.

Ukishuka kusini ya jimbo hilohilo unafika wilaya ya Anxi, nyumbani kwa Tieguanyin, ile ya vidonge vya kijani. Tie ni chuma. Guanyin ni bodhisatva, yaani mtakatifu wa Kibudha, wa huruma anayeheshimiwa sana na Wabudha wa China. Kisa kimoja kinamtaja mkulima wa Xiping aliyekuwa akisafisha hekalu la Guanyin lililosahauliwa, akaoteshwa mahali pa kukuta mche. Kichaka chake si chepesi kulima na hakizai sana, ndiyo maana Anxi hulima pia Benshan, Maoxie na Huangjingui, na si ajabu kuzikuta zikiuzwa kwa jina la ndugu yao mashuhuri. Huangjingui si mbaya hata kidogo. Ina harufu ya tunda la pichi, na kwa bei yake ni neema.

Tieguanyin inahitaji uulize swali moja kabla ya kulipa: ni ya harufu nyepesi au ya harufu nzito? Ya zamani iliachwa ibadilike vya kutosha kisha ikachomwa, ikawa na rangi ya dhahabu iliyoiva na ladha ya nafaka na asali. Kuanzia miaka ya 1990 soko liligeukia mtindo wa kijani: jeraha dogo, moto kidogo, harufu ya okidi inayopaa kabla hujakisogeza kikombe mdomoni. Hiyo ya kijani hufungwa kwenye vipakiti visivyo na hewa vya gramu 7 au 8, kimoja kwa meza moja, na hutunzwa kwenye friji kwa sababu huchakaa haraka. Mimi naona mtindo mpya umeiondolea chai hii mwili wake. Inavutia sana pua, kisha koo halina cha kukumbuka. Wengi watanipinga, na kwa vikombe viwili vya kwanza wana haki. Anxi huchuma pia zaidi ya mara moja kwa mwaka, na wenyeji husema maji ya machipuko, harufu ya vuli: ya machipuko ina mwili zaidi, ya vuli inanukia zaidi.

Hapa niweke jambo moja la lugha. Lahaja ya kusini ya Fujian hulitamka jina la chai "te". Waholanzi walilichukua neno hilo baharini, na ndiyo maana sehemu kubwa ya Ulaya ya Magharibi husema hivyo hadi leo. Sisi tulipokea "chai" kwa njia ya Uajemi na India, kutokana na "cha" ya Wachina wengine. Matamshi mawili, jani moja.

Jirani ya Fujian ni jimbo la Guangdong, na juu ya mji wa Chaozhou upo mlima Fenghuang, mlima wa finiksi, yule ndege wa hadithini. Chai yake huitwa dancong, kichaka kimoja, kwa kuwa desturi ya asili ni kuchuma na kutengeneza kila mti peke yake. Kwa nini? Kwa sababu miti ya mlima ule, ingawa ni ya ukoo mmoja, kila mmoja ulionekana kuwa na harufu yake, na wakulima waliizalisha ile iliyowapendeza na kuipa jina la kitu inachonukia. Mi Lan Xiang ni harufu ya asali na okidi. Kwangu mimi ni shokishoki lililoiva, lililomenywa sasa hivi. Xing Ren Xiang ni lozi. Huang Zhi Xiang ni ua la gadenia. Hakuna kinachotiwa ndani, nasisitiza tena, maana mtu akinusa Mi Lan Xiang nzuri huona vigumu kuamini.

Iliyo maarufu kuliko zote ina jina baya: Ya Shi Xiang, harufu ya kinyesi cha bata. Inasimuliwa kwamba mwenye mti huo aliona majirani wanaitamani chai yake, akawaambia inanuka kinyesi cha bata kwa sababu ya udongo wake, ili wasimwibie vipandikizi. Waliiba hata hivyo. Mwaka 2014 ilipewa jina rasmi la heshima, Yin Hua Xiang, lakini wateja wanaendelea kuiulizia kwa lile la zamani. Ladha yake ni safi, ya maua meupe na maziwa kwa mbali. Dancong zote zina hatari moja: ukiziacha ndani ya maji muda mrefu zinakuwa chungu kali. Ni chai inayotaka mtu aikae karibu.

Na Chaozhou ndipo wanapojua kukaa karibu nayo. Desturi yao ya gongfu cha, yaani kutengeneza chai kwa ufundi, hutumia kibirika kidogo kilichojazwa majani, maji ya moto kamili yaliyochemshwa, kwa wanaofuata ya kale, juu ya makaa ya kokwa za zeituni za huko, na vikombe vitatu hata wageni wakiwa watano. Chai humiminwa kwa kuzungusha mkono juu ya vikombe bila kusimama, ili kisiwepo kilicho kizito wala chepesi, na matone ya mwisho hugawanywa moja moja kwa zamu. Anayekosa kikombe husubiri, na vikombe husafishwa kwa maji ya moto kabla ya kumzungukia.

Taiwan inataka makala yake yenyewe. Itoshe kusema vichaka na ufundi vilivuka mlango wa bahari kutoka Fujian, na huko vikazaa Dong Ding ya kuchomwa kiasi, chai za milima mirefu kama Alishan, na ile ya ajabu iitwayo Dongfang Meiren, ambayo jani lake hujeruhiwa kwanza na wadudu wadogo wanaolifyonza shambani, likapata ladha ya asali. Jin Xuan, iliyosajiliwa mwaka 1981, ina ulaini wa maziwa wa kuzaliwa nao. Lakini "oolong ya maziwa" inayonukia pipi hadi nje ya pakiti imetiwa ladha kiwandani.

Kuhusu kuitengeneza nyumbani, kosa ni moja tu, nami nililifanya: nilichemsha Tieguanyin kwenye sufuria na tangawizi kama ninavyochemsha chai ya kila siku, nikapata maji machungu na harufu yote imekwenda na mvuke. Maziwa na sukari vinafaa chai yetu kwa sababu ni nzito na ina ukakasi wa kupambana navyo. Hapa vinafunika kile ulicholipia. Kama huna kile kibakuli chenye mfuniko, tumia kibirika chochote kidogo na chujio. Gramu 7 kwa maji ya mililita 110 au 120, yanayotokota, uyamimine yote baada ya sekunde 10 hivi. Kisha maji ya pili, ya tatu, ukiongeza sekunde kila mara. Anxi wanasema chai yao ina harufu hata kwenye maji ya saba, na nimeijaribu, ni kweli. Maji ya kwanza hukupa moto na harufu ya juu. Kichaka chenyewe huanza kusema kwenye ya tatu na ya nne. Ndiyo maana kuihukumu kwa kikombe kimoja ni kumhukumu mtu kwa salamu yake.

Ukimaliza usimwage majani. Siku ile Guangzhou mwenye duka alichukua jani moja kutoka kila kibakuli, akayatandaza kwenye kisahani cheupe kwa ncha ya kidole. La Tieguanyin lilikuwa kijani, laini, na kingo zake zimechanika ovyo. Huo ndio mtindo mpya, ambapo ukingo mwekundu hupigwa hadi udondoke ili maji yabaki mang'avu. La Wuyi lilikuwa la kahawia, na alipolinyanyua kwenye mwanga wa dirisha, uzi mwekundu ulionekana ukilizunguka lote, haukukatika popote. Halafu akachokoa kibakulini akanionyesha la tatu, dogo, jeusi, lililogoma kufunguka hata baada ya maji yote yale. Akalibonyeza, likavunjika kama mkaa. Hilo, alisema, liliachwa motoni kupita kiasi.